Jumamosi Tuliyomsimamia Kipa

Historia ya klabu yetu nimeijua kwa kusimuliwa, maana mimi niliingia wakati wenyewe wanatoka. Ningependa aisimulie mwingine. Lakini wanaoijua vizuri wamehama au wamezikwa, na waliobaki ukiwagusia habari hiyo wanaangalia pembeni. Kwa hiyo nitaisimulia mimi, fundi cherehani, na nikikosea mtanisamehe, au msinisamehe, shauri yenu.

Ni klabu ya mpira wa Waayalandi, hapa hapa Durban. Nilipompigia mama Tanga kumwambia nimejiunga, aliniuliza kama Waayalandi ni dhehebu. Nikamwambia ni watu wa kisiwa fulani huko Ulaya, kwao mvua haikatiki, na wana mpira wao ambao dunia nzima imekataa kuuiga. Unachezwa kwa mikono na miguu. Unaudaka, unakimbia nao hatua chache, halafu lazima uudundishe chini au uurushe kwa ncha ya kiatu urudi mkononi, la sivyo refa anakupulizia filimbi. Nguzo za goli ni ndefu, zinapanda juu kupita mwamba. Ukitia wavuni unapata pointi tatu, ukipitisha juu ya mwamba katikati ya nguzo unapata moja. Hizo ndizo sheria ninazozijua, na nimeucheza miaka.

Walioanzisha walikuwa walimu wa shule za misheni, manesi, na wahandisi waliokuja bandarini kwa mikataba. Jumamosi hawakuwa na la kufanya ila kukumbuka kwao. Mmoja akaletewa mpira na ndugu yake, wakaenda kuupiga kwenye uwanja wa manispaa kule Sydenham, na watu wa mtaani wakasimama kwenye uzio kuwacheka. Baadaye waliocheka wakaitwa ndani kuziba nafasi. Nasikia enzi hizo kulikuwa na timu mbili kamili, wake zao wakileta mikate kwenye masinia, na mechi ikiisha msafara mzima unapanda Morningside kunywa mpaka wanasahau nani ameshinda. Mimi siku hizo sikuziona.

Halafu wakaanza kuondoka. Huyu mkataba umeisha, yule mtoto kapata chuo Australia, mwingine mke kachoka na wizi. Kila mmoja aliagwa kwa bia na maneno matamu, na kila mmoja aliapa atarudi. Mpaka mimi nafika alikuwa amebaki mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mgane, anakaa Morningside kwenye fleti yenye ngazi nyingi kuliko magoti yake. Watoto wake walikuwa wanamwita arudi kwao akafie huko. Alikataa. Alisema akiondoka yeye, mpira unakufa siku hiyo hiyo.

Aliingia kwenye kibanda changu cha kushonea na mfuko mweusi wa taka. Nikajua kaleta mapazia. Akamwaga mezani jezi, rangi ya damu ya mzee, ukanda mweupe kifuani, zote zimechanika kwapani. Nikamuuliza hawa watu wanacheza au wanapigana. Akacheka, akaniambia nije Jumamosi nijionee. Nikaenda, kwa umbea tu. Waliokuwepo hawakutosha hata upande mmoja. Mzee akaniangalia miguu, akaniuliza kama nina raba. Hivyo ndivyo nilivyosajiliwa.

Wengine aliwapata hivyo hivyo. Kinyozi wake, Mkongo wa Bukavu, akawa kapiteni. Mlinzi wa jengo lake, Mzulu mmoja mpole mwenye mabega ya kabati, akawekwa nyuma. Wahindi wawili wa Sydenham waliokuwa wanakuja uwanjani kukimbia wapunguze vitambi, nao wakavalishwa jezi. Wakongo wakaleta Wakongo, nami nikaleta Watanzania. Uwanjani tulikuwa tunazungumza kila kitu, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha pwani, Kifaransa, Kizulu cha kutukanana, na Kiingereza cha mzee ambacho akikasirika hakuna aliyekielewa.

Mmoja wa niliowaleta ndiye kipa. Kwao na kwetu Tanga ni mitaa ya jirani, lakini tulijuana huku huku, yeye akiuza miwani na kofia ufukweni South Beach, mimi nikitafuta kofia ya bei ya kaka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ana pumu. Inhela, kile kichupa cha kuvuta dawa, haikumtoka mfukoni. Ndiyo maana mzee alimweka golini, kwa sababu hawezi kukimbia, na kumbe mikono yake ilikuwa inadaka mipira iliyokwenda mbinguni. Ila sheria ya mwamba ilimkera mpaka mwisho. Mtu akipiga juu, pointi ikahesabiwa, anatoka golini amekasirika kweli. "Kipa gani huyu anafungwa mpira ambao haukuingia?" anasema. "Huo ungekuwa Tanga ningeshangiliwa." Tulikuwa tunamtania kwamba yeye ndiye kipa pekee anayegombana na hewa.

Alikuwa na mke na watoto Tanga. Alimpigia simu mkewe kila siku, wakati mwingine tukiwa pale pale uwanjani tunafunga viatu, na mkewe akimuuliza huko hali ikoje, maana habari za wageni kupigwa Afrika Kusini zinafika kwetu kabla hata hazijatufikia sisi. Jibu lake lilikuwa moja. "Usihofu mama watoto. Mimi huku nina watu." Akatugeuzia simu, tukapunga mikono na jezi zetu mbovu, wengine wakimsalimia shemeji kwa lugha asizozijua. Nadhani alikuwa anajituliza mwenyewe pia. Mtu akikaa nchi ya watu anahitaji kulisema neno kama hilo kila siku.

Mzee alipokufa ndipo nilipoujua utaratibu wa Waayalandi. Kwao mwana klabu akifa, wenzake wanavaa jezi, wanasimama mistari miwili, huku na huku kando ya barabara, na jeneza linapita katikati. Hakuna hotuba, hakuna wimbo. Unasimama tu, mikono nyuma, mpaka apite. Mzee alikuwa ametufundisha mwenyewe, alipoanza kuchoka, kwa sababu alijua hakuna Muayalandi atakayebaki kumfanyia. Jumamosi ile nje ya kanisa, Wakongo, Watanzania, mlinzi wa Kizulu na wale Wahindi wawili tulimsimamia mzungu yule kwa jezi nilizozishona kwapa mwenyewe. Watoto wake walikuja na ndege. Binti yake alipotoka nyuma ya jeneza akatuona, alisimama, akamshika ndugu yake mkono. Nafikiri alikuwa ameamini siku zote kwamba baba yake anakaa peke yake.

Kipa jambo hilo lilimwingia. Tulipokuwa tunashuka mlima kurudi, alikuwa anageuka geuka kulitazama kanisa. Mwishowe akasema, "Na mimi nikifa mnisimamie hivi." Nikamwambia afe kwanza tuone. Akasema hatanii. Usiku akamweleza mkewe, na mkewe akamwambia aache maneno hayo, atakufa kwao akiwa mzee hana meno. Nilichekeshwa kusimuliwa hivyo. Sasa hainichekeshi.

Baada ya mzee, klabu tuliibeba sisi. Nguzo za kuongezea goli tulikuwa tunazivua kila mazoezi yakiisha, kwa sababu ukiziacha asubuhi zimeshafika kwa wanunua vyuma chakavu, na kapiteni anazificha nyuma ya saluni. Mara moja moja tulikwenda Johannesburg kucheza na timu za huko. Tulifungwa kila mara, na kila mara tulirudi tukiimba. Ilikuwa klabu ndogo, ya watu waliochoka, lakini ilikuwa yetu. Sijui Waayalandi wa zamani wangesema nini wangetuona. Mzee nadhani alikufa ameridhika.

Kilichotuua ni maandamano. Sitayaeleza sana, mwenye macho ameyaona. Watu walianza kuandamana mjini wakitaka wageni waondoke, na baada ya kuandamana wengine wakaona wafanye kazi ya serikali kwa mikono yao. Wakasimama kwenye maduka. Wakasimama kwenye mageti ya kliniki kukagua vitambulisho, na si polisi, si manesi, ni watu tu wenye fimbo na hasira. Kapiteni alishushwa kwenye taxi pale kwenye robot, taa za barabarani, kwa sababu alipokea simu akazungumza Kiswahili. Wote ndani walimwona anashushwa. Dereva hakugeuka.

Tukakaa, tukashauriana kwa simu, maana hata kukutana tuliogopa. Tukakubaliana mazoezi yasimame. Jezi zisivaliwe njiani. Na kubwa zaidi, tusitembee kundi, kwa sababu wageni wawili ni marafiki lakini wageni wanne machoni pa watu wale ni jeshi. Kila mtu aende zake kimya kimya, peke yake, akiwa na shida aimalize peke yake mpaka hali ipoe. Ilionekana busara. Hata mlinzi wa Kizulu, anayewajua watu wake kuliko sisi, alisema eish, ni vizuri hivyo.

Hali haikupoa. Kipa akaacha kwenda ufukweni, kwa hiyo miwani ikalala kwenye begi, na pesa ya duka la dawa ikawa ngumu. Dawa yake ya pumu miaka yote alikuwa anaichukua kliniki ya serikali, na nesi anamjua kwa sura. Inhela ikaisha. Akaondoka asubuhi kwenda kliniki, peke yake kama tulivyokubaliana, hakumwambia mtu ila mwenzake wa chumba. Getini wakamtaka kitambulisho cha Afrika Kusini. Akawaonyesha karatasi zake, ambazo zilikuwa halali, naapa zilikuwa halali. Mmoja akazikunja akamrudishia mfukoni na kumpigapiga kifuani, akamwambia akatibiwe kwao. Nesi alikuwa anaona kutoka mlangoni. Haya nilielezwa na mwenzake wa chumba, naye alielezwa na kipa mwenyewe, akicheka. Alicheka, kwa sababu alikuwa hivyo. Akasema atasubiri siku mbili tatu ajaribu tena.

Pumu haikusubiri. Jumatano asubuhi mwenzake wa chumba alinipigia analia. Nilifika chumbani kwao South Beach nikamkuta amelala kitandani, mdomo wazi, macho wameshamfunga. Gari la wagonjwa walikuwa wameliita, likachelewa, likafika, likaondoka. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamshika mguu. Ulikuwa bado na joto.

Nikaandika kwenye kundi la timu kwamba kipa ametutoka, nikaweka dua, nikazima simu, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Wazee wa Kihindi wa msikiti ulio karibu na kibanda changu walifanya haraka ambayo siwezi kuwalipa, karatasi, sanda, gari, kaburi. Tulimwosha mimi na mwenzake wa chumba, na mzee mmoja akituelekeza kwa upole. Mbavu zake zilikuwa zinaonekana. Baada ya sala ya alasiri tukamsalia, na wanaume nisiowajua, Wasomali, Wamalawi, Wahindi, wakapokezana jeneza begani mpaka kaburini. Walimzika vizuri, Mungu awalipe. Lakini kila niliyemtazama usoni hakuwa anamjua. Wa timu nilikuwa mimi tu.

Jioni nilipowasha simu, mkewe akapiga. Watu wa Tanga walikuwa wameshampa habari, nilisikia vilio nyuma yake. Yeye hakuwa analia, sauti yake ilikuwa imekauka. Akaniuliza kama tumemzika, nikasema ndiyo. Akauliza kaburi lina kivuli, nikasema lina kivuli. Kisha akauliza, "Shemeji, watu wake walikuja?"

Nikamwambia msikiti ulijaa.

"Sikuulizi msikiti. Nakuuliza wale wa mpira. Wale wa mistari."

Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi nikaumeza. Nikasema hawakuja.

"Basi alikuwa ananidanganya," akasema. "Miaka yote hiyo, nina watu, nina watu. Kumbe alikuwa ananituliza tu." Akaniaga kwa adabu, akakata.

Niliumia pale kuliko nilipokuwa nazika. Mtu amekufa, amelala chini, hawezi kujitetea, na mke wake amemwona mwongo. Eda yote atakayoikaa kule ndani atakuwa anawaza hivyo, kwamba mume wake alikufa peke yake ugenini na alikuwa anaficha. Na nilikuwa na hasira na timu, hasira mbaya. Nikafungua kundi la timu nimeshapanga matusi.

Nikakuta ujumbe umejaa. Kapiteni alikuwa ameshapanga mambo tangu asubuhi. Nani ataleta maua, nani ataomba ruhusa kazini, nani ana jezi ya ziada, kila mtu Jumamosi, uoga basi. Hata walioacha mpira kwa kunenepa walikuwa wamejibu kwamba watakuja. Sikuelewa. Nikampigia.

"Grand," akasema, maana Wakongo wakimwita kaka mkubwa wanamwita hivyo, "usihofu. Samedi batu bote banakuya. Utuambie tu corps itatokea wapi."

"Jumamosi kufanya nini? Maiti tumeshazika."

"Mulimuzika lini?"

"Leo. Alasiri."

"Mutu anakufa asubui, mangaribi iko mu udongo? Bila siye?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia sisi hatuweki mtu kwenye friji wiki nzima huku tunakula wali. Naye akanijibu vibaya zaidi, akasema hata mbwa anaagwa. Tukatukanana pale, watu wazima wawili tunaomlilia mtu mmoja, kila mmoja akiona mwenzake hana utu. Halafu yeye akaanza kulia kweli, nami nikaacha matusi.

Ni ujinga ambao ungetokea kwetu tu. Kwao maiti inasubiri ndugu wafike, watu wanakaa matanga, wanaimba, na Jumamosi ndiyo mazishi, kwa hiyo hakuona haja ya kuuliza. Kwetu maiti haisubiri, kwa hiyo sikuona haja ya kusema. Yule mzee tulimzika Jumamosi, na huyu alikuwa Mwislamu wa kwanza wa klabu kufa. Miaka tumevaa jezi moja, tumegombea mpira mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kwenu mnazikaje. Tulijuana sana kwa mabega na viwiko.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Samedi tunasimama," akasema. "Iko maiti, haiko maiti, tunasimama."

Nilimweleza habari ya mke wa kipa na neno alilolisema. Kapiteni alilisikiliza, akaniomba nirudie. Kisha akasema shemeji lazima aone.

Basi Jumamosi tukaenda Sydenham. Tulichagua barabara ndogo ya kuingilia uwanjani, kwa sababu hakuna mahali pengine palipokuwa petu. Nilifika mapema nikawaona wanakuja, mmoja mmoja, kama tulivyozoea kutembea siku hizi, kila mtu na koti lake limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Wakifika lango wanafungua zipu, na jezi ya damu ya mzee inaonekana. Nilikuwa sijaziona nyingi hivyo pamoja tangu msiba wa mzee. Kumbe zilikuwa zimehifadhiwa. Nyingine zilikuwa zimepigwa pasi. Alikuja mlinzi wa Kizulu na mkewe, wakaja Wahindi wawili, wakaja Wakongo wa saluni na wa maduka ya simu, akaja kijana wa Kitanzania anayesoma chuo ambaye nilidhani ameshahama. Walitosha timu na wakabaki. Kwa miaka tulikuwa tunahangaika kutimiza upande mmoja.

Watu wa mtaani walisimama kutazama. Gari moja lilipita polepole, ndani wamejaa vijana, wakatuangalia, wakaenda. Niliona mikono kadhaa inarudi kwenye zipu za makoti. Hakuna aliyeondoka.

Tukapangana huku na huku, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa. Katikati palikuwa patupu, lami tu na makaratasi. Mtu akisimamia jeneza anajua pa kutazama. Sisi hatukujua. Kapiteni alikuwa amekunja jezi namba moja mikononi, akaniangalia, nikampigia shemeji.

Alikuwa kwenye eda, hakutaka kuonekana na wanaume, kwa hiyo aliziba kamera ya kwake. Kwangu kioo kilikuwa cheusi, ila namsikia anavyopumua. Niliweka sauti kubwa ili wenzangu wamsikie akiwasalimia. Nikageuza kamera upande wa mistari, nikamwambia, "Shemeji, hawa ndio watu wake. Walidhani ni leo." Kapiteni akaweka jezi juu ya mkono wangu uliobeba simu, nikaanza kutembea katikati, taratibu, mwendo wa jeneza.

"Huyu nani?" akauliza.

"Kapiteni. Ndiye aliyekuwa anamnyoa."

"Huyu?"

"Mlinzi. Alikuwa anacheza mbele yake golini."

Akasema asante kwa kila mmoja. Wakongo wakajibu pole mama, na mlinzi akainamisha kichwa, ingawa hakujua ameambiwa nini. Wengine walikuwa wanalia bila kujificha. Nilitembea nikiwaonyesha mmoja mmoja, na moyo wangu ukawa unafunguka, nakiri, nilikuwa karibu na furaha. Nilikuwa nasema ndani kwa ndani, haya, umeona sasa, hakukudanganya.

Tulipofika mwisho wa mistari akaniomba nigeuke awaone wote pamoja. Nikageuka, nikainua simu juu.

"Ni wengi," akasema.

"Ni wengi, shemeji."

"Na wana miili."

"Wana miili, ndiyo."

Nilisikia anapumua. Sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua. "Siku ile aliyofukuzwa pale getini kliniki, alivyonieleza mwenzake wa chumba, hawa wote walikuwa hapo mjini?"

"Walikuwepo."

"Sasa mbona alikwenda peke yake?"

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Wote wanaojua Kiswahili walisikia, nikaona vichwa vinainama upande huu na upande huu. Wasiojua waliwageukia wenzao kuuliza mama amesema nini. Wakaelezwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, mmoja akimnong'oneza mwingine, mpaka swali likawafikia wawili wa mwisho kule karibu na barabara kubwa. Shemeji alikuwa bado anasubiri.